Zipu Ilipogoma: Binti wa Yairo na Mtoto wa Parokia Yetu

 

Leo sitaanza na Injili. Nitaanza na kosa langu, maana ndivyo ilivyotokea: kwanza nilikosa, Injili nikaja kuielewa baadaye.

Mimi ni mlezi wa watoto wa Utoto Mtakatifu katika parokia moja hapa Dar es Salaam. Mwaka jana tulikuwa tunawaandaa mabinti wa kucheza wakati wa matoleo kwenye sikukuu ya somo wa parokia. Tukanunua vitambaa, tukampelekea fundi vipimo, na mafundi wetu mnawajua, magauni yakaja siku mbili kabla ya sikukuu. Watoto wakaanza kuyajaribu pale ukumbini. Yote yakawaenea isipokuwa moja. Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo, ikagoma. Tukavuta, mtoto akabana pumzi, tukavuta tena. Wapi. Alikuwa na miaka 12.

Ningeweza kusema fundi amekosea, na kweli alikuwa amekosea, kipimo nilichomwandikia sicho alichoshona. Lakini nilikuwa nimechoka, simu za kamati ya sikukuu zinaita kila dakika, na mbele ya watoto ishirini na kitu nikasema: "Wewe bonge, wewe inabidi tukushonee pazia la kanisa."

Watoto wakacheka. Walezi wenzangu wakacheka. Na yeye mwenyewe akacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Nikamweka mstari wa nyuma, gauni likiwa wazi mgongoni, tukafunika na mtandio. Sikukuu ikapita vizuri, picha zikapigwa nyingi. Nimezitafuta zote, yeye haonekani hata kwenye moja. Jumapili iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia hakuja.

Shirika hili la Utoto Mtakatifu lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, ili watoto wasaidie watoto wenzao. Mimi ndiye niliyewafundisha wale watoto historia hiyo. Nikawafundisha pia kumcheka mwenzao, kwa sentensi moja.

Ukapita kama mwezi. Siku moja nikamkuta mama yake kwenye jumuiya. Nikamuuliza, "Mama, mbona mwanetu simwoni?" Akasema anadai miguu inamuuma. Kisha akanivuta pembeni, karibu na mlango wa jiko, akashusha sauti. "Mwalimu, nikuulize wewe ni mwanamke mwenzangu. Hivi kuna dawa gani ya kutoa uchafu shingoni?" Shuleni wenzake wanasema haogi. Shingo kwa nyuma ni nyeusi tii, na kwapani vilevile. "Namsugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia kila jioni mpaka analia. Hautoki."

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikapita zahanati kwa sista mmoja muuguzi, nikamsimulia. Sista hakuuliza habari za sabuni. Aliuliza, "Mtoto ni mnene?" Nikasema ndiyo, tena sana. Akasema, "Mwambie mama yake aache kumsugua leo hii. Huo si uchafu. Akapimwe sukari."

Ngoja niwaeleze kama nilivyoelezwa, kwa sababu najua baadhi yenu mna wadogo zenu wenye shingo kama hiyo na mmewahi kuwacheka. Ukila, sukari inaingia kwenye damu. Kongosho linatoa homoni inayoitwa insulini, kazi yake ni kuufungulia mlango sukari hiyo iingie kwenye misuli na ini ikatumike. Mafuta yakizidi mwilini, hasa ya tumboni na kwenye ini, mlango unakuwa mgumu. Kongosho linaona mlango haufunguki, linamwaga insulini zaidi, na zaidi. Insulini ikiwa nyingi kupita kiasi inachochea chembe za ngozi kukua kuliko kawaida, na kwenye mikunjo ya shingo na kwapa ngozi inakuwa nene, nyeusi, ukiigusa ni kama kitambaa cha mahameli. Wakati huo sukari kwenye damu inaweza kuwa bado iko sawa, kwa sababu kongosho linajitahidi. Siku likichoka, ndipo kisukari aina ya 2 kinaingia. Ugonjwa tuliozoea kuusikia kwa babu na bibi sasa unawapata watoto wa sekondari.

Kwa hiyo mwili wa yule mtoto ulikuwa unatangaza shingoni, hadharani, kwamba unahitaji msaada. Sisi tukasoma tangazo hilo kama uvivu wa kuoga.

Hospitalini nilikwenda nao. Daktari wa watoto alikuwa mpole, akaanza kwa maswali ambayo hatukuyategemea. Anakoroma? Ndiyo, mpaka wadogo zake wanahama chumba. Kuna wakati pumzi inakata kidogo halafu anashtuka? Mama akakaa kimya, kisha akasema ndiyo. Darasani anasinzia? Ndiyo, mwalimu analalamika. Daktari akaeleza kwamba mafuta ya shingoni yanaweza kubana njia ya hewa usingizini, mtoto akaamka hajapumzika, na mtoto asiyelala vizuri huzidi kusikia njaa. Kisha akauliza miguu. Akamlaza, akazungusha nyonga taratibu, akampeleka akapigwe picha. Kumbe kwa watoto wenye uzito mkubwa wanaoingia balehe, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake, na maumivu yakajitokeza gotini. Hilo ni jambo la haraka, la upasuaji. Namshukuru Mungu hakuwa nalo. Lakini miguu ilikuwa inamuuma kweli. Mimi nilidhani ni kisingizio.

Majibu: sukari ilikuwa juu ya kawaida, haijafika kisukari. Presha juu. Ini lina mafuta. Mama akalia pale pale, akisema, "Mimi nilidhani mwanangu amenawiri."

Tusimcheke mama huyu. Kwetu mtoto mnene ni sifa kwa mzazi. Na kuna sababu. Wazazi wetu wameishi miaka ile ya UKIMWI ambapo mtu akikonda tu mtaa mzima unanong'ona. Isitoshe, njaa bado ipo: utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Nchi ya namna hiyo inapata shida kuamini kwamba unene wa mtoto nao ni ugonjwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linahesabu watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 zaidi ya milioni 390 waliokuwa na uzito uliozidi mwaka 2022, na kati yao milioni 160 wana unene uliopitiliza. Na siku hizi mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja: mdogo amedumaa, mkubwa amenenepa, wote kwa chakula kisichofaa.

Sasa Injili.

Jumapili ya 13 ya Mwaka B Kanisa linatusomea Marko sura ya 5, habari za Yairo, mkuu wa sinagogi, ambaye binti yake yuko mahututi. Nimeisikia tangu niko mafundisho ya komunyo. Siku ile tukirudi kutoka hospitali, kwenye daladala, niliifungua kwenye simu kwa sababu ya kitu kimoja tu nilichokumbuka: Marko anataja umri. Miaka 12.

Nikasoma taratibu, mtu ananikanyaga sijali. Yesu anafika nyumbani, anakuta kelele na vilio. Anawaambia mtoto amelala. Wale waliokuwa wanalia, dakika hiyo hiyo wanacheka. Nisiwasingizie, walimcheka Yeye, hawakumcheka binti. Lakini ni kicheko juu ya kitanda cha mtoto mgonjwa, na tazameni Bwana anavyokishughulikia. Habishani nao. Hawafundishi. Anawatoa nje wote. Nilipofika hapo nikafunga simu, kwa sababu nilijua kabisa ningekuwa upande gani wa mlango.

Mnaweza kusema, dada, ule ni utani tu, mbona sisi tumekua tukitaniwa. Sawa. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa waraka kuhusu jambo hili hili. Wanasema mtoto anayedhihakiwa kwa unene hapungui kwa aibu. Anazidi kula kwa kujificha, anaacha michezo, anajitenga, anaogopa hata kwenda hospitali, na uzito unaongezeka. Kicheko si dawa chungu, ni sehemu ya ugonjwa. Ndiyo maana nimeanza kuamini kwamba Yesu alijua kazi yake alipoanza na kusafisha chumba.

Hapa lazima nizungumzie ulafi, maana najua kuna mtu ameshafikiria. Ulafi ni mmoja wa vichwa vya dhambi, tumefundishwa, na mimi siufuti. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2290 inatuonya kuhusu kupita kiasi katika chakula, pombe, tumbaku na dawa. Lakini dhambi inahitaji mtu ajue na akubali. Unene wa mtu hauwezi kukuambia alichokubali moyoni.

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua jeni inayotengeneza homoni waliyoiita leptini. Homoni hii inatoka kwenye mafuta yenyewe ya mwili, inakwenda kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, punguza njaa. Miaka mitatu baadaye, Cambridge, Uingereza, watafiti akiwemo Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi walieleza habari za watoto wawili, mtu na binamu yake. Binti alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Mvulana miaka 2, kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida kabisa, lakini tangu uchanga hawakushiba. Damu yao ilipopimwa, leptini karibu haipo. Ubongo wao ulikuwa unaamini kwamba wanakufa njaa, saa zote, hata sahani ikiwa mbele yao.

Fikiria binti yule angezaliwa mtaani kwetu. Tungemwita mlafi, wengine wangesema ana pepo, na mimi ningemwambia habari za pazia. Kumbe alikosa homoni moja. Alianza kuchomwa sindano za leptini kila siku, na ripoti ya mwaka 1999 inaeleza kwamba akiwa na miaka 9 na zaidi ya kilo 94, ndani ya miezi 12 alipungua kilo 16 hivi, karibu zote mafuta. Njaa ile ilitulia. Hakuna aliyemhubiria kuhusu kiasi. Aliletewa alichokosa.

Watoto wenye upungufu huo ni wachache sana duniani, na binti wetu si mmoja wao. Kuna jeni nyingine, ya kipokezi kiitwacho MC4R, ambayo watafiti hao hao waliikuta ina hitilafu kwa watoto kama 6 kati ya 100 waliowapima wenye unene mkali ulioanza mapema. Waliobaki, ambao ni wengi, wana jeni nyingi ndogo ndogo zinazosukuma kila moja kidogo, halafu wanazaliwa katika mji wenye soda kila kona, chipsi kila kituo, uwanja wa shule umeshajengwa fremu za maduka, na mtoto anafungiwa ndani na simu kwa sababu barabara ina bodaboda. Hilo mtoto hakulichagua. Katekisimu namba 2288 inasema afya ni zawadi tuliyokabidhiwa na Mungu tuitunze, ila inaongeza jambo ambalo huwa tunaliruka: utunzaji huo unahitaji msaada wa jamii. Jamii ni pamoja na mimi mwenye kupanga vitafunwa vya Utoto Mtakatifu. Nilikuwa nawapa soda na keki kila baada ya mazoezi. Soda ya kola ya mililita 350 ina gramu zipatazo 35 za sukari, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Mtoto yuleyule niliyemcheka, nilikuwa namnywesha mwenyewe.

(Halafu kwa wale mnaodhani utakatifu una saizi: mapokeo yanatuambia Mtakatifu Thomas wa Akwino alikuwa na mwili mkubwa, na wanafunzi wenzake walimwita ng'ombe bubu. Sikukuu yake ni tarehe 28 Januari. Tunasali litania tukimwomba msaada mtu ambaye pengine tungemweka mstari wa nyuma.)

Turudi nyumbani kwa Yairo. Baada ya kuwatoa watu, Yesu haingii peke yake kwa mgonjwa. Anamchukua baba yake binti, na mama yake, na wale wanafunzi aliokuja nao. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini. Angeweza kuwaacha wazazi mlangoni, kama hospitali nyingine zinavyofanya.

Daktari wetu alifanya hivyo hivyo. Alisema, "Mimi simtibu huyu mtoto peke yake. Kliniki ijayo nataka baba na mama." Nikaja kusoma kwamba jambo hili lina historia. Mwanasaikolojia Leonard Epstein wa Marekani na wenzake waliwafuatilia watoto wanene kwa miaka 10. Kundi moja mzazi na mtoto walitibiwa pamoja, wote wakibadilisha ulaji na mwenendo na kupongezwa kwa mabadiliko. Kundi jingine halikulengwa hivyo. Matokeo waliyotoa mwaka 1990: baada ya miaka 10, watoto waliotibiwa pamoja na mzazi kiwango cha uzito wao wa ziada kilikuwa kimeshuka kwa wastani wa asilimia 7.5, wakati wale wa kundi la kulinganisha kilikuwa kimepanda asilimia 14.3. Miaka kumi, jamani! Mtoto ameshakuwa mtu mzima.

Baba wa binti hakutaka kuja. Alisema ukoo wao wote ni wa watu wakubwa, bibi yake alikuwa hivyo hivyo na alifika miaka 80. Yeye ni dereva wa bajaji, anarudi saa nne usiku, na kila siku anarudi na mfuko wa chipsi mayai kwa ajili ya binti yake, ambaye anamsubiri bila kulala. Hiyo ndiyo nusu saa pekee wanayokaa pamoja kwa siku. Mkewe alipomwambia aache chipsi, alisikia anaambiwa aache kumpenda mtoto. Nilipofahamu hilo nilimheshimu sana yule mzee. Alikuja kliniki baada ya kubembelezwa wiki tatu. Daktari akampima na yeye. Sukari yake ilikuwa mbaya kuliko ya mtoto, ni kisukari kabisa, na alikuwa hajui. Yairo alikwenda kumtafutia mwanawe tiba. Huyu wetu alisindikiza mtoto, akakuta mgonjwa ni yeye.

Na mwisho wa ile Injili kuna kitu kidogo ambacho wahubiri wengi wanakipita. Binti ameinuka, anatembea, watu wameshangaa mno. Na Yesu anaagiza nini? Kwamba apewe chakula.

Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Maana nilichokuwa nimeshamwandalia yule mtoto kichwani ni kinyume. Nilitaka nimwambie mama yake Kwaresima inakuja, afunge siku 40 apungue. Hilo ni kosa, na naliona kwenye vikundi vyetu vya vijana pia, watu wanatangaza Kwaresima kama programu ya kupunguza tumbo. Sheria ya Kanisa yenyewe haimfungi mtoto: kufunga ni kuanzia miaka 18, kujinyima nyama ni kuanzia 14. Mtoto wa miaka 12 anayekua anahitaji kula. Daktari alisema wazi kwamba kwa mtoto wa umri huu mara nyingi lengo si kilo zishuke haraka. Uzito usimame, urefu uendelee, mwili utajipanga. Alitukataza pia dawa za kupunguza mwili na chai za kwenye mitandao. Dawa za kweli zipo, nchini Marekani zimeidhinishwa kwa watoto kuanzia miaka 12, na upasuaji unaweza kufikiriwa kuanzia miaka 13 kwa unene mkali sana wenye madhara. Hayo yanaamuliwa na madaktari baada ya kupima. Hayanunuliwi kwa dada wa Instagram.

Basi afisa lishe akawafundisha mpango wa taa za barabarani, ambao Epstein ndiye aliyeutumia na wale watoto. Binti akachora mwenyewe mataa makubwa kwenye manila, akayabandika ukuta wa jiko. Kijani: mchicha, matembele, tango, bamia, kula mpaka uridhike. Njano: ugali, wali, maharage, samaki, ndizi, kula kwa kipimo. Nyekundu: chipsi, soda, keki, soseji, hizo ni mara chache na kwa mpango. Familia nzima inakula chungu kimoja. Mdogo wake mwembamba kama fimbo alilalamika sana kuhusu soda, akanyamaza. Ugali umepungua, mboga imeongezeka. Mihogo inachemshwa. Televisheni inazimwa wakati wa kula. Saa tatu usiku mtoto yuko kitandani, ambayo ndiyo ilikuwa vita kubwa, kwa sababu ya baba.

Baba akabadilisha ratiba. Sasa anaamka alfajiri na kumsindikiza shule kwa miguu, dakika thelathini na kitu, bajaji ameiacha nyumbani. Nusu saa yao wameihamishia asubuhi. Jioni binti anacheza rede na wenzake uani, maana kwa umri wake anatakiwa walau dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili.

Miezi minane imepita. Mnataka kujua amepungua kilo ngapi. Moja. Ila ameongezeka urefu sentimita nne, sukari imerudi kwenye kawaida, presha imeshuka, kukoroma kumepungua sana. Shingo bado nyeusi, ila imelainika. Mama hamsugui tena.

Mimi sasa. Nilikwenda kuungama. Nikamweleza Padre habari ya pazia, nikiwa nimeipunguza kidogo kama tunavyofanya wote, nikaiita "utani usiofaa". Akaniuliza walikuwepo watoto wangapi. Nikamwambia ishirini na kitu. Akaniambia kwamba neno lililosemwa mbele ya watoto ishirini halirekebishwi kwa kumnong'oneza padre, niende nikaombe msamaha mbele ya watoto wale wale. Niliona kitubio ni kizito. Nikajaribu kumwomba nisali rozari tatu badala yake. Akakataa.

Kwanza nilikwenda nyumbani kwao kumwuliza kama anakubali, maana nisingependa kumfedhehesha mara ya pili. Akaniamkia vizuri, shikamoo dada. Nikamweleza ninachotaka kufanya na kwa nini. Akawa anachezea pindo la kanga ya mama yake, kimya, mpaka nikadhani hajanielewa. Nikamwambia, "Lakini siku ile na wewe ulicheka, ndiyo maana sikujua kama umeumia." Bado nilikuwa natafuta mlango wa kutokea, si mnaona.

Akasema, "Dada, nilicheka ili mjue sijasikia."

Jumapili mbili baadaye nilisimama mbele ya watoto pale ukumbini nikaomba msamaha. Sauti ilinitetemeka. Mvulana mmoja akauliza kama ina maana hata wao hawaruhusiwi kusema bonge. Nikasema ndiyo, ina maana hiyo. Baada ya hapo tumeacha soda, tunakula matikiti na ndizi, na wengine bado wananinunia.

Sikukuu ya somo wetu ni wiki mbili zijazo. Safari hii fundi nimempa vipimo mapema, na nimesimama dukani kwake mpaka amekata kitambaa. Binti anacheza mstari wa mbele, upande wa kulia, kwa sababu ndiye anayeshika hatua upesi kuliko wenzake na wote wanamfuata yeye. Gauni amelijaribu jana. Zipu aliifunga mwenyewe.

Mtuombee. Muombeeni na baba yake, ambaye dawa za sukari bado zinamsumbua tumbo.